Waraka unapokataza "siasa" darasani: uhuru wa mhadhiri unafika wapi?

SWALI: Profesa, shikamoo. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa sosholojia katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Kenya. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja. Muhula uliopita nilikuwa nafundisha kozi ya vuguvugu za kijamii, nikatumia maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha kama mfano. Mwanafunzi akanirekodi kwa simu, na kipande kifupi kikasambaa WhatsApp kikiwa kimekatwa mwanzo na mwisho. Haukupita muda, mkuu wa idara akatutumia waraka unaosema kwamba kwa kuwa chuo hakina upande wa kisiasa, wahadhiri wajiepushe na mijadala ya siasa za sasa madarasani. Kisha wakaja maafisa wawili idarani kuulizia orodha ya mahudhurio ya siku mojawapo ya maandamano, na nina mahojiano niliyoyafanya na vijana walioandamana. Wenzangu wananishauri ninyamaze mambo yapoe. Je, uhuru wa kitaaluma unaotajwa kwenye Katiba unanilinda hadi wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu, na pole kwa uliyopitia.

Nikupe jibu kwanza, kwa kuwa najua unalisubiri huku ukiwaza mkataba wako. Sheria ya Kenya iko upande wako, tena kwa maneno yaliyo wazi kuliko ya nchi nyingi jirani. Lakini sheria hiyo haijitetei yenyewe. Inafanya kazi pale mtu anapoitaja kwa maandishi, mapema, akiwa na wenzake. Wakati wa mgogoro wa kisiasa, mhadhiri aliye peke yake huangushwa hata kama haki yote ni yake, na huangushwa kimyakimya, bila barua ya kufukuzwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu langu itahusu huo upweke.

Tuanze na sheria yenyewe. Katiba ya 2010, Kifungu cha 33(1)(c), inautaja uhuru wa kitaaluma na wa utafiti wa kisayansi kwa jina, kando na uhuru wa kawaida wa kujieleza. Watu wengi huishia hapo. Chenye nguvu zaidi katika jambo lako ni kifungu cha 29 cha Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kifungu hicho kinampa mwanataaluma uhuru, ndani ya mipaka ya sheria, katika ufundishaji, utafiti na shughuli zake nyingine, awe ndani ya chuo au nje, wa kuhoji na kupima yale ambayo watu wameshayakubali, kuleta mawazo mapya, na kusema maoni yenye utata au yasiyopendwa. Kisha kinaongeza kwamba chuo hakiruhusiwi kumdhuru wala kumtendea vibaya kuliko wenzake kwa sababu ameutumia uhuru huo.

Hayo ya mwisho yashike sana, kwa sababu ndiyo yanayokuhusu wewe mwenye mkataba wa mwaka. Hakuna atakayekufukuza kwa ajili ya mfano wa darasani. Ni kazi kubwa mno na inaacha karatasi nyingi. Kinachotokea ni kwamba muhula unaofuata, kozi zinapogawiwa, jina lako halimo. Ukiuliza unaambiwa bajeti. Mkataba unafika mwisho na hakuna anayekupigia simu. Mahakama za kazi za Kenya kwa kawaida huchukulia kwamba mkataba wa muda maalum unakwisha wenyewe siku yake ikifika, na kwamba mwajiri halazimiki kuuongeza, isipokuwa kama kwa maneno au matendo yake alikujengea matarajio halali. Maana yake ni kwamba ukitaka kuonyesha kuwa umeachwa kwa sababu ya ulichofundisha, utatakiwa ushahidi, na ushahidi huo unakusanywa sasa, kabla ya kuachwa. Hifadhi nakala ya waraka, tarehe ulipoupokea, na barua pepe zinazoonyesha kwamba kozi yako ilikuwa imeshapangiwa wewe. Hifadhi tathmini za wanafunzi na mpangilio wa kozi uliopitishwa na idara. Viweke nje ya kompyuta ya ofisi.

Sasa nikupe kisa ambacho naona kinafanana na chako kuliko kingine chochote ninachokijua. Malawi nayo inautaja uhuru wa kitaaluma katika Katiba yake ya 1994. Mapema 2011 Blessings Chinsinga, mhadhiri wa siasa katika Chuo cha Chancellor mjini Zomba, alikuwa anafundisha sera za umma. Nchi ilikuwa na uhaba wa mafuta na wa fedha za kigeni. Akieleza jinsi ugumu wa maisha unavyoweza kuwatoa watu barabarani, alitumia mfano wa maandamano ya Tunisia na Misri, akauhusisha na hali ya nyumbani. Habari zikatoka darasani zikafika polisi. Februari 12, Inspekta Jenerali wa Polisi, Peter Mukhito, akamwita ofisini kwake ajieleze kuhusu mfano huo.

Hakuwekwa ndani. Aliulizwa maswali, akarudi nyumbani. Mtu angeweza kusema yamekwisha, na nina hakika wapo waliomwambia anyamaze mambo yapoe. Wenzake waliona tofauti. Waliona kwamba ikiwa mfano mmoja wa darasani unaweza kumpeleka mhadhiri mbele ya mkuu wa polisi wa nchi nzima, basi kuanzia siku hiyo kila mmoja wao angekuwa anapima kila sentensi kabla ya kuitamka. Chama chao, kikiwa chini ya Jessie Kabwila, kikasimamisha ufundishaji. Hawakudai mshahara. Walidai radhi, na hakikisho kwamba uhuru wao wa kufundisha utaheshimiwa. Rais Bingu wa Mutharika akasimama hadharani upande wa mkuu wa polisi na kusema radhi haitaombwa. Wahadhiri wakavaa nguo nyekundu, wanafunzi wengi wakawaunga mkono, kesi zikapelekwa mahakamani, barua za kuachishwa kazi zikatolewa kwa baadhi yao, Chinsinga na Kabwila wakiwamo. Mvutano ulichukua kama miezi 8 kabla ya masomo kurejea na waliofukuzwa kurudi kazini.

Sitaki nikupambie kisa hicho. Wanafunzi walipoteza sehemu kubwa ya mwaka wao, na wazazi waliokuwa wamejinyima kulipa karo hawakurudishiwa muda huo. Lakini angalia kilichomlinda Chinsinga. Katiba ilikuwapo tangu 1994 na haikumzuia Inspekta Jenerali kupiga simu. Kilichomlinda ni kwamba wenzake walilichukua jambo lake kuwa lao siku za mwanzo kabisa, likiwa bado dogo.

Hapo ndipo ninapotaka uwaelewe wenzako wanaokushauri unyamaze. Usiwaone waoga. Chuo kikuu nchini Kenya kina kumbukumbu ndefu ya woga uliofundishwa kwa makusudi. Serikali ya Moi ilipiga marufuku chama cha wahadhiri mwaka 1980. Miaka miwili baadaye, katikati ya 1982, wahadhiri kadhaa waliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, akiwamo Willy Mutunga wa Kitivo cha Sheria, aliyekuwa katibu mkuu wa chama hicho kilichofutwa. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti, aliyekuwa akichimba historia ya Mau Mau, alifungwa miaka 6. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1 mwaka huo, Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa kwa zaidi ya mwaka, na kiongozi wa wanafunzi, Titus Adungosi, akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Alifia gerezani mwaka 1988. Waliokuwa wanafunzi miaka ile ndio waliokuja kuwa wahadhiri, kisha wakuu wa idara. Mtu aliyeona mwalimu wake akichukuliwa usiku hahitaji kuambiwa mara ya pili.

Angalia pia mpangilio wa matukio. Chama kilifutwa kwanza, wahadhiri wakakamatwa baadaye. Walipokamatwa, hapakuwa na chombo cha wahadhiri chenye haki kisheria ya kusema kwa niaba yao. Iliwachukua hadi 2003 kupata chama kilichosajiliwa, UASU, baada ya mgomo mrefu wa miaka ya 1990 uliodai usajili huo na kunyimwa. Mutunga mwenyewe aliapishwa kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011, chini ya Katiba hii hii unayoniuliza. Kwa hiyo leo una vitu viwili ambavyo wao hawakuwa navyo, kifungu cha 29 na chama. Kama hujajiunga na UASU kwa kuwa uko kwenye mkataba, uliza tawi lako wiki hii kama wanapokea wa mikataba. Mimi ningelifanya hilo kabla ya kumjibu mkuu wa idara neno lolote.

Tuje kwenye waraka. Hoja yake ni kwamba chuo hakina upande, kwa hiyo wahadhiri wasizungumzie siasa za sasa. Nusu ya kwanza ni kweli na ni jambo jema. Nusu ya pili inageuza mambo juu chini. Mwaka 1967, Marekani ikiwa imegawanyika juu ya vita vya Vietnam, Chuo Kikuu cha Chicago kiliunda kamati chini ya mwanasheria Harry Kalven ieleze chuo kifanye nini wakati wa migogoro ya kisiasa. Kamati ilisema chuo kama taasisi kijizuie kuchukua msimamo wa pamoja, na sababu yake ndiyo muhimu kwako: chuo kikishatoa msimamo rasmi, mwalimu au mwanafunzi asiyekubaliana nao anaanza kuonekana msaliti wa nyumba yake. Mwenye kukosoa ni mwalimu mmoja mmoja na mwanafunzi mmoja mmoja. Chuo kazi yake ni kuwapa mahali pa kukosolea. Chuo kinanyamaza ili watu wake waseme. Waraka wa idara yako unachukua ukimya wa taasisi na kuwavika watu, ndipo chuo kinabaki bila msemaji hata mmoja.

Ripoti hiyo ina wapinzani wake, na mimi mwenyewe naona ina kasoro: chuo kinaposhambuliwa chenyewe, wanafunzi wake wakipigwa risasi au kutoweka, kukaa kimya hakuwezi kuitwa kutokuwa na upande. Kamati ile nayo iliacha mlango wazi kwa hali ambapo kazi yenyewe ya chuo iko hatarini. Lakini kwa waraka ulioupokea, hoja inatosha.

Kuna jambo la pili kuhusu waraka huo, la kiutaratibu, na mara nyingi taratibu ndizo zinazookoa watu pale hoja kubwa zinaposhindwa. Maudhui ya kozi hupitishwa na seneti, yaani chombo cha juu cha kitaaluma cha chuo, kupitia idara na kitivo. Kozi ya vuguvugu za kijamii isiyoweza kutaja vuguvugu lililotokea mtaani kwa wanafunzi si ile iliyopitishwa. Mkuu wa idara hana mamlaka ya kuifuta sehemu ya kozi kwa ujumbe mmoja, kama vile hana mamlaka ya kuongeza kozi mpya kwa ujumbe mmoja. Kama chuo kinataka kubadilisha, njia ipo: pendekezo liende kwenye idara, lijadiliwe, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, lipande hadi seneti. Nimekaa kwenye seneti miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba nyaraka nyingi za aina hii hufa zenyewe zinapotakiwa kupitia mlango huo, kwa sababu hakuna anayetaka jina lake liandikwe pembeni ya azimio la kukataza mada.

Uliuliza pia mipaka, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Aprili 1990 vyama vya wanataaluma wa vyuo vya Tanzania vilipitisha Azimio la Dar es Salaam. Mwezi uliofuata serikali ikakifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Novemba mwaka huo huo wasomi kutoka pande nyingi za Afrika wakakutana Uganda na kutoa Azimio la Kampala. Nyaraka zote mbili, zilizoandikwa na watu waliokuwa wakiminywa kwelikweli, zinaweka uhuru na wajibu kwa jamii kwenye kichwa kimoja cha habari. Hawakuwa wanajipendekeza kwa serikali. Walijua kwamba mhadhiri anayetumia darasa vibaya anawapa watawala sababu waliyokuwa wakiitafuta.

Mpaka wa kwanza ni Katiba yenyewe, Kifungu cha 33(2): uhuru haufiki kwenye uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki wala propaganda za vita. Kwa Kenya hili lina uzito wake. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100, na katika ukumbi wako wamo watoto wa waliokimbia na watoto wa waliofukuza. Unaweza kuchambua ukabila katika siasa. Ni lazima uuchambue, la sivyo unafundisha sosholojia ya nchi isiyokuwapo. Huwezi kumwinua mwanafunzi kwa jina lake la ukoo na kumwambia atueleze "watu wake" walipigaje kura.

Mpaka wa pili ni siasa za chama. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, kifungu cha 23, inamzuia afisa wa umma kushiriki shughuli za chama cha siasa au kuwa wakala wake, na mhadhiri wa chuo cha umma yumo. Kuueleza Mswada wa Fedha wa 2024, nani uliwabana, kwa nini vijana waliingia Bungeni Juni 25 na kwa nini rais alikataa kuutia saini siku iliyofuata, hiyo ni kazi yako. Kuwaambia darasani waende wakampigie kura fulani, hapana. Kusimama jukwaani na fulana ya chama, hapana.

Mpaka wa tatu hauandikwi sana kwenye sheria, nao ndio wanafunzi wanaoujali kuliko yote: alama. Mwanafunzi mwenye msimamo usioupenda lazima aone, kwa macho yake, kwamba anaweza kupata A kwako. Weka vigezo vya kusahihisha wazi kabla ya insha, sahihisha kwa namba badala ya majina kama idara inaweza, na katika mada zinazowagawa wanafunzi waruhusu wachague swali. Ninavyoona mimi, mhadhiri asiyetimiza hili hana uso wa kudai kifungu cha 29, kwa sababu amewanyima wanafunzi wake kile kile anachokidai kwa wakubwa wake.

Mfano wako wa maandamano, kwa jinsi ulivyonieleza, uko ndani ya mipaka yote mitatu.

Sasa yule mwanafunzi aliyekurekodi. Naona katika barua yako kwamba hili ndilo linalokuuma zaidi, na nakusihi usimtafute. Usiulize nani, usiwaruhusu wanafunzi wengine wamsake kwa niaba yako. Ninayo sababu ya kusema hivyo kwa msisitizo. Aprili 24, 1990, Rais Mobutu alitangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja huko Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanafunzi walichemka, wakaanza kuwasaka wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa utawala, wakawapiga. Usiku wa Mei 11 kuamkia 12, umeme ukakatwa, watu wenye silaha wakaingia mabwenini. Serikali ilikiri kifo kimoja. Mashahidi walisema waliokufa ni wengi zaidi, na idadi yake inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ikasitisha misaada yake. Wahusika wa mauaji ni waliokuja na silaha, na hakuna kinachowapunguzia hatia hiyo. Lakini kile kipigo cha wapelelezi ndicho kilichotumika kama kisingizio, na kabla ya kisingizio kilikuwa kimeshaharibu chuo: kila mwanafunzi alikuwa anamtazama jirani yake kitandani na kujiuliza.

Tena huna uhakika kwamba aliyekurekodi alikuwa na nia mbaya. Wanafunzi hurekodi mihadhara kila siku ili warudie nyumbani. Huenda alimtumia rafiki, rafiki akamtumia mwingine, na mkono wa nne ndio uliokata. Liweke jambo hili wazi darasani: kurekodi kwa ajili ya kusoma ni ruhusa, kusambaza nje ya darasa bila idhini ya mwalimu na ya wenzao wanaosikika ni marufuku, kwa sababu sauti zao pia zimo. Kisha rekodi mwenyewe kila mhadhara, mwanzo hadi mwisho, uhifadhi. Rekodi kamili yenye tarehe ni jibu la kutosha kwa kipande kilichokatwa, na hutahitaji kukumbuka ulisema nini. Ila usianze kufundisha ukiilenga simu. Ukianza kupunguza ukali wa hoja ili kipande kisije kikakatwa vibaya, waraka utakuwa umekwisha fanya kazi yake bila mtu kuusimamia.

Orodha ya mahudhurio ni jambo la hatari kuliko hayo yote, kwa sababu hapa anayeweza kuumia ni mtoto wa mtu. Orodha hiyo ni taarifa za watu binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihusu. Zilikusanywa kwa ajili ya masomo, wala hazikukusanywa kumtambua nani alikuwa barabarani. Sheria hiyo ina milango yake ya usalama wa taifa, kwa hiyo usijifanye hakimu wa kuamua kama polisi wanastahili au hawastahili. Unachotakiwa kujua ni kwamba wewe si mtu wa kuitoa. Maafisa wakija, wapokee kwa heshima, waombe majina yao, vituo vyao na ombi lao kwa maandishi, kisha waelekeze kwa msajili na afisa wa sheria wa chuo. Usiitoe mkononi, usiipige picha na kuituma, na usiiharibu wala kuibadilisha. Kuharibu kumbukumbu baada ya polisi kuiulizia kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Siku hiyo hiyo mwandikie mkuu wa idara ueleze nani alikuja na ulimwelekeza wapi.

Mahojiano yako na vijana, hayo yanahitaji uangalifu wa aina nyingine. Chuo cha Boston huko Marekani kiliwahi kurekodi masimulizi ya waliokuwa wapiganaji wa Ireland ya Kaskazini, kwa ahadi kwamba hayatatolewa hadi msimulizi afariki. Mwaka 2011 wachunguzi wa Uingereza waliyadai kupitia mahakama za Marekani, na baadhi ya kanda zikatolewa. Mwaka 2014 Gerry Adams, kiongozi wa chama cha Sinn Féin, akakamatwa na kuhojiwa kwa siku kadhaa, kisha akaachiwa bila mashtaka. Watafiti waliahidi usiri ambao sheria haikuwapa uwezo wa kuutimiza. Kama bado unakusanya, usiandike majina tangu mwanzo, na usimwahidi kijana yeyote kwamba hakuna mahakama itakayoyafikia. Kama majina yapo kwenye mahojiano uliyokwisha kuyafanya, rudi kwenye kamati ya maadili iliyokupitishia utafiti, na kwenye masharti ya kibali chako cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, waeleze hali ilivyobadilika na uombe mwongozo wa maandishi wa namna ya kuyalinda. Hatua yoyote uchukue ukiwa na karatasi yao mkononi.

Likija la kutakiwa kujieleza, au ukiitwa mbele ya kamati ya nidhamu, usiende peke yako. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inakupa haki ya kuelezwa kosa unalodaiwa kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua wewe, kabla ya kuachishwa kazi kwa sababu ya mwenendo. Wakikuita kwa mazungumzo "ya kirafiki" ofisini, nenda, sikiliza, na ukitoka mwandikie aliyekuita barua pepe fupi ya kumshukuru na kueleza mlichozungumza kama ulivyokielewa. Simu na vikao visivyoandikwa ndivyo vinavyotumika zaidi kuwatisha wahadhiri, na barua pepe hiyo moja inavifanya kuwa kumbukumbu.

Kimebaki kile cha kumjibu mkuu wa idara. Usijibu kwa hasira, na usimtuhumu. Inawezekana kabisa naye amepigiwa simu na mtu asiyetaka kuandika. Mimi ningeandika hivi:

"Nimepokea waraka wako kuhusu siasa za sasa madarasani. Kozi ninayofundisha, iliyopitishwa na seneti, inahusu vuguvugu za kijamii na inanitaka nitumie mifano ya Kenya. Naomba kufahamishwa kwa maandishi ni mada zipi za kozi hiyo zinazoondolewa, ni kikao gani kilichoamua hivyo, na jinsi uamuzi huo unavyolingana na kifungu cha 29 cha Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Wakati nikisubiri, nitaendelea kufundisha kozi kama ilivyopitishwa."

Kabla ya kuituma, wasomee wenzako wawili au watatu wa idara na uwaombe watie saini pamoja nawe. Wakikataa, itume na saini yako, nakala kwa katibu wa tawi la UASU. Usiiweke WhatsApp. Na ifike mezani kwake kabla ya kikao cha kugawa kozi za muhula ujao.